Albamu ya Ukoo: Ufunguo Uko kwa Nani?

Zamani hapa pwani, picha za ukoo zilipigwa studio, kama ile Capital Art Studio ya Unguja iliyofunguliwa mwaka 1930. Kisha zilitiwa sandukuni, na ufunguo ulikuwa kwa bibi. Picha za akina mama zilitazamwa na wenyewe kwa wenyewe.

Leo ukoo umetawanyika. Mmoja yuko Mombasa, wa pili Maskati, wa tatu kapanga chumba Kawangware, Nairobi, karibu na kituo cha matatu za nambari 46. Huyu wa Kawangware, kwa simu yake tu, aweza kuufungulia ukoo albamu katika intaneti bila kulipa senti. Mtoto akizaliwa alfajiri, shangazi wa Maskati humwona kabla ya adhuhuri.

Lakini hiyo bure ina mpaka. Google Photos iliacha kuhifadhi picha bila kikomo tarehe 1 Juni 2021. Sasa mtu hupewa gigabaiti 15, pamoja na barua zake. Zikijaa, alipie au afute.

Zito zaidi ni sitara. Albamu ikigawiwa kwa kiungo, yeyote akipatae kiungo hicho huziona picha, hata za bibi harusi na hina yake. Basi heri kuwaalika jamaa mmoja mmoja, na kila mama aombwe ruhusa kwanza.

Kisha achaguliwe mmoja wa kushika ufunguo, kama alivyokuwa bibi.