Kisangani: Namba tisa hafungi, lakini nani anamlisha mpira?

Mshambuliaji kijana akikosa bao mechi tatu, jukwaa la uwanja wa Lumumba lina dawa moja: atoke! Iwe Malekesa, Nika au Makiso, timu inayojengwa upya haipewi muda.

Tukumbuke CAN ya Côte d'Ivoire, mwanzoni mwa 2024. Wissa alisawazisha dhidi ya Zambia kwa pasi ya Bakambu. Elia akamtengenezea Silas bao dhidi ya Morocco. Mbele ya Misri, Wissa akapiga krosi, Elia akafunga kwa kichwa. Yote matatu yalitoka kwa mshambuliaji kwenda kwa mwenzake. Na Bakambu, aliyekosa penalti dhidi ya Morocco, kocha Desabre aliendelea kumtumia hadi nusu fainali. Ni kweli, mechi mbili za mwisho Léopards hawakufunga hata moja, wakamaliza wa nne.

Kwa hiyo tusihesabu mabao tu. Kijana wa miaka 18 akiachwa peke yake kati ya mabeki wawili, huku viungo wako mita 30 nyuma wakirusha mipira ya juu, atafunga nini? Kuongeza mshambuliaji wa pili kunasaidia, ila kunapunguza mtu katikati, na hapo ndipo mechi nyingi hupotea. Mimi ningewaacha watatu walewale wa mbele mechi tano mfululizo, hata jukwaa likipiga kelele.

Shida nyingine ni safari: kijana akishaanza kufunga, Lubumbashi na Kinshasa zinamwita, na kocha anatafuta namba tisa mpya.