Asidi, Gavana na Nyege: Jina la Ngoma Mbele ya Serikali

Kolwezi hakuna anayehitaji kamusi ili ajue asidi ni nini. Kila siku inapita barabarani ndani ya malori ya tangi yenye alama ya hatari nyuma, ikielekea viwandani, kwa kuwa ndiyo inayotoa shaba na kobalti katika mawe. Mwanafunzi wa hapa akikutana na maneno "asidi hausi" katika kitabu cha historia ya Uingereza atadhani ni habari ya kiwanda. Kumbe ni habari ya dansi. Wala si yeye peke yake aliyelisikia neno kabla ya kuusikia muziki. Serikali ya Uingereza nayo ilifanya hivyo hivyo.

Muziki wa hausi ulizaliwa Chicago, Marekani, ukachukua jina la klabu ya Warehouse, ambako dijei Frankie Knuckles alianza kupiga mwaka 1977. Asidi ilikuja baadaye. Kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa imetoa TB-303, kisanduku cha kuiga gitaa la besi ili mpiga gitaa asiye na wenzake apate wa kumsindikiza. Wanunuzi walikikataa, vikaishia kuuzwa mkono wa pili kwa bei ya chini. Vijana wa kundi la Phuture walikipata kimoja, wakazungusha vitufe vyake mpaka besi ikalia kama kitu kinachochemka. Rekodi yao, Acid Tracks, ilitoka mwaka 1987. Shida ni kwamba katika Kiingereza cha mitaani neno hilo ni jina la LSD, dawa ya kulevya.

Mwishoni mwa mwaka huo huo Danny Rampling alifungua Shoom, klabu ndogo katika ukumbi wa mazoezi kusini mwa London. Manchester walikuwa na Haçienda tangu 1982. Kufikia 1988 uso wa njano unaotabasamu ulikuwa kwenye fulana kila mahali, na gazeti la The Sun lenyewe liliziuzia wasomaji wake mwezi wa Oktoba, kabla ya kugeuka mwezi huo huo na kuanza kupiga kelele juu ya hatari. Dawa za kulevya zilikuwepo kweli, hasa ekstasi, na wako vijana waliokufa. Lakini kuna sababu nyingine isiyotajwa sana: leseni ziliwalazimisha wenye vilabu kufunga mapema usiku, hivyo wachezaji wakahamia maghala matupu, na mwaka 1989 wakafika mashambani kando ya M25, barabara inayoizunguka London. Huko waliwakuta polisi.

Sheria ya 1990 iliweka faini ya hadi pauni 20,000 na kifungo cha hadi miezi sita kwa kuandaa karamu za namna hiyo bila leseni. Ile ya 1994 ndiyo tamu kwa mtu wa lugha. Watunga sheria walitaka kuzuia mikusanyiko ya usiku, mahali pa wazi, yenye vipaza sauti na watu 100 au zaidi (tangu 2003 ni 20), bila kumgusa anayepiga muziki mwingine bustanini. Kuandika "asidi" au "hausi" kusingefaa, maana majina ya muziki hubadilika kila msimu. Basi wakaeleza sauti yenyewe: muziki huo, walisema, unajumuisha sauti ambazo sifa yake kuu ni mfululizo wa mapigo yanayojirudia. Lakini ni ngoma gani isiyojirudia? Tukiweka kando masharti ya vipaza sauti na idadi ya watu, ufafanuzi huo unaukamata hata usiku wa kilio katika mtaa wowote wa Kolwezi. Mwaka huo huo kundi la Autechre lilitoa wimbo uliotungwa ili mapigo yake yasijirudie, likamshauri dijei awe na wakili na mtaalamu wa muziki karibu endapo polisi watamsumbua. Sijasoma uhakiki wa semantiki uliofupishwa vizuri zaidi.

Katanga inaujua mkasa wa namna hii tangu zamani. Beni, neno lililotokana na jina la Kiingereza la kundi la wapiga muziki, ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa imefika Elisabethville, ambako iliitwa mbeni. Wachezaji wa beni walijipa vyeo vya kizungu: mfalme, gavana, daktari. Wakoloni walivisikia vyeo hivyo, wakashuku kwamba nyuma ya ngoma kuna serikali ya siri.

Mkasa wa karibuni zaidi ni wa Uganda. Mwaka 2015 Arlen Dilsizian na Derek Debru walianzisha tamasha huko Jinja, kando ya Mto Nile, wakaliita Nyege Nyege. Muziki wake una undugu wa karibu na ule wa Chicago, kwa maana unatoka kwa vijana wenye vifaa vya bei ndogo. Lebo yao ndiyo iliyoupeleka ng'ambo singeli ya Dar es Salaam mwaka 2017, muziki unaokimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na mwaka 2021 ikatoa albamu ya Mkongomani Rey Sapienz na kundi lake la tekno.

Waandaaji wanaeleza kwamba kwa Kiganda jina hilo ni ile hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika. Magharibi mwa Uganda ipo ngoma ya runyege, iliyopata jina kutokana na ebinyege, njuga zinazofungwa miguuni, kwa hiyo sikio la Mtooro husikia njuga kwanza. Sikio la Mswahili linasikia ashiki, na linaona haya. Nadhani waandaaji walilijua hilo na kulifurahia.

Mwezi wa Septemba 2018 Simon Lokodo, waziri wa maadili, alitangaza kulipiga marufuku siku chache kabla ya kuanza, kisha serikali ikalegeza kamba. Septemba 2022 lilikuwa bunge lililotaka lizuiwe, tena kwa hoja ya maadili. Waziri mkuu Robinah Nabbanja aliliruhusu kwa masharti, likafanyika karibu na maporomoko ya Itanda, kwa jina lile lile.