VPN Imeunganishwa, Mbona Malipo ya Wachumaji Hayaendi?

Jumamosi jioni Mogogosiek, majani yamepimwa, wachumaji wanangoja pesa. Karani anafungua kompyuta, VPN inasema iko sawa, lakini ukurasa wa malipo umegoma. Shida iko wapi?

Chukulia VPN imekufikisha Kericho, na mfumo wa malipo uko Bomet. Barabara ya Litein na Kaplong ipo, ila dereva ana ramani ya zamani. Mitandao miwili ya wingu ikiunganishwa, VPN kwenye mashine yako huenda bado inafuata njia za kale.

Tunashauri hivi:

1. Pakua upya faili ya mipangilio ya VPN, iweke, kisha unganisha tena.
2. Ikigoma, fundi aangalie kama mtandao wa pili umeruhusiwa kutumia lango la wa kwanza. Ruhusa huwekwa pande zote mbili.
3. Jaribu intaneti ya simu. Waifai ya ofisi ikiwa na anwani zinazofanana na za mfumo, mashine hupotea njia.

Karani, usitume mara mbili kabla ya kuangalia taarifa. Nawe mchumaji, simu yako haina kosa. Mtu akikuomba PIN eti "afungue malipo", huyo ni tapeli.