Umepata Kadi Huijui Ndani ya Lapi ya Kitambo? Isome Kabla Uuziwe Kama RAM

Tuseme umejinunulia ThinkPad T61 ya kitambo, ile ya ex-UK, ukaifungua utoe vumbi. Ndani kuna kadi ndogo yenye stika ya Intel na chipu nyeusi. Fundi anakushow hiyo ni RAM ya ziada ya 1GB, ongeza doo. Buda, ngoja kwanza. Hapo unapigwa.

Hiyo ni nini sasa?

Inaitwa Intel Turbo Memory. Ilitoka 2007, enzi za Windows Vista. Lapi za wakati huo zilikuwa na diski za kuzunguka, na hizo zilikuwa polepole kama matatu kwa jamu. Intel wakaweka kadi ya flashi, teknolojia ileile iko kwa flashi yako ya mfukoni, ishike vitu Windows huitisha kila mara.

RAM ni kitu ingine. Lapi ya RAM 2GB ikiwekwa Turbo Memory ya 1GB inabaki ya 2GB. Na siku hizi SSD ya kawaida inafanya hiyo kazi vizuri zaidi.

Utajuaje kadi yoyote?

Usiamini umbo. Wi-Fi, modemu ya 3G na Turbo Memory zote hukaa kwa nafasi ya aina moja, mini PCIe. Fanya hivi:

1. Zima mashine, toa chaja na betri, kisha shika chuma ndio umeme wa mwili usichome chipu.

2. Cheki waya. Kadi ya Wi-Fi huwa na waya mbili ama tatu nyembamba za antena. Turbo Memory haina hata moja.

3. Soma stika. Ukiona IMEI, hiyo ni modemu ya kutumia laini, kama simu. Ukiona MAC, hiyo ni ya mtandao, mara nyingi Wi-Fi. FRU ni nambari ya spea ya IBM na Lenovo. Igoogle vile iko.

4. Rudisha kila kitu, uwashe, uulize mashine yenyewe. Kwa Windows ingia Device Manager, fungua kifaa, tafuta Hardware Ids. VEN ni kampuni, DEV ni modeli. VEN_8086 ni Intel. Kwa Linux andika lspci -nn.

Chunga hii pia: ukitaka kubadilisha kadi ya Wi-Fi kwa T61, BIOS yake ya kampuni hukataa kadi haijui. Inakurushia kosa 1802 na haiwaki mpaka uitoe. Lapi haijakufa, usikubali kuuziwa ubao mpya.

Na mtu akisisitiza ni RAM, mwambie awashe mkaangalie kiasi cha RAM kwa Windows. Hiyo 1GB isipoonekana hapo, doo zibaki mfukoni.