Njia Mbili, Elektroni Moja

Sifa zote njema zamstahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, tunapohimizana kutafakari uumbaji aghalabu huinua macho kwenye nyota na milima. Ijumaa ya leo na tuyashushe hadi matopeni, waishimo bakteria wa zambarau, ambao hutumia nuru ya jua pasi na kutoa oksijeni.

Katika utando wa mmojawao, Blastochloris viridis, mna protini iliyoshika molekuli za klorofili ya kibakteria. Mwaka 1982 Mjerumani Hartmut Michel alitangaza kuwa ameigeuza protini hiyo fuwele. Yeye, Johann Deisenhofer na Robert Huber wakalifichua umbo lake, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1988.

Nuru ikiifikia jozi ya klorofili, elektroni moja huruka. Khofu ni kwamba itarudi ilikotoka, nishati ipotee kuwa joto tu. Lakini molekuli zimepangwa kwa ukaribu hata katika pikosekunde 3 hivi (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde) elektroni imekwishafika kwenye feofitini, na baada ya takriban pikosekunde 200 nyingine iko kwenye kwinoni. Kurudi kungehitaji muda mrefu zaidi mara nyingi, haiwahi. Karibu kila chembe ya nuru inayofika hapo haipotei bure.

Ajabu ni kwamba njia ziko mbili, zafanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, nayo elektroni hupita moja tu! Asidi amino zinazozizunguka hazilingani, na tofauti hizo ndogo huifanya njia moja kuwa nyepesi. Watafiti wamezibadilisha, wakaweza hata kuzielekeza baadhi ya elektroni kwenye njia ya pili.

Wapo miongoni mwetu wanaosubiri wanasayansi wakwame ndipo waitaje qudra ya Mola. Sisi hatuoni haja hiyo. Elektroni ambayo kanuni yake imeelezwa haijatoka katika mamlaka ya Aliyeiweka kanuni.

Wala ile njia ya pili si ya bure. Mwishoni mwake ipo kwinoni nyingine, inayopokea elektroni kutoka kwa ile ya kwanza, ikangoja ya pili, ikachukua protoni mbili, kisha ikaondoka na mzigo wake ndani ya utando. Wallahu a'lam.