Dereva, konda na meza ya kompyuta

Simu yangu hunihesabia hatua bila kuombwa. Jumanne moja mwezi uliopita niliifungua saa tatu usiku nikakuta hatua 1,126. Siku hiyo niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikahariri ripoti mbili, nikahudhuria mikutano mitatu ya mtandaoni, na kwa kinywa changu nikasema mara mbili kwamba nimechoka hoi. Hatua zenyewe zilikuwa za kitandani hadi bafuni, bafuni hadi meza ya chakula ambayo siku hizi ndiyo meza ya kompyuta, na mezani hadi kwenye friji. Mke wangu, mhasibu, alinishinda kidogo kwa kuwa lifti ya ofisini kwao ilikuwa mbovu. Kijana wetu wa kidato cha pili alikuwa amejilaza na simu, mdogo wake wa miaka tisa amekumbatia kishkwambi.

Katika nyumba nzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa hajakaa. Dada yetu wa kazi alikuwa amepiga deki, amefua, ameanika, amekuna nazi na kwenda dukani kwa Mangi mara nne, mara ya nne kwa ajili ya kiberiti nilichosahau kumwagiza. Kesho yake nilimwomba atembee na simu yangu ya zamani mfukoni. Kufika saa nane mchana ilikuwa imeshavuka hatua 9,000.

Hesabu hiyo ilinikumbusha mabasi ya London. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari Jerry Morris alikuwa akitafuta chanzo cha maradhi ya moyo, yaliyokuwa yakizidi kuua Waingereza pasipo mtu kujua sababu. Akayatupia macho mabasi ya ghorofa. Kila basi lilikuwa na wafanyakazi wawili walioishi mji mmoja, wakavuta hewa moja, na maisha yao hayakupishana sana. Ila dereva alikaa kwenye usukani karibu zamu nzima, na konda alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi, vipandio 500 hadi 750 kwa siku. Mwaka 1953, katika jarida la Lancet, Morris na wenzake walionyesha kwamba makonda waliugua moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na wale waliougua, ugonjwa uliwajia umri ukiwa umesogea zaidi. Posta nako mambo yakawa hayohayo: waliosambaza barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani na wapokea simu.

Mbishi atasema labda wanene ndio waliokimbilia udereva. Morris naye alikuwa mbishi, akaenda kutazama sare. Shirika la mabasi lilikuwa na vipimo vya suruali za wafanyakazi wake, na kweli ikaonekana kwamba madereva walikuwa na viuno vinene kuliko makonda tangu siku ya kwanza kazini. Lakini utafiti wa baadaye ulipolinganisha watu wa unene uleule, konda aliendelea kuwa na nafuu. Nakipenda sana kisa hiki, maradhi ya moyo kuchunguzwa kwa futi ya fundi cherehani. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Nyumbani kwangu, basi, konda ni dada. Sisi wanne tuliobaki ni madereva wa basi lisilokwenda popote, na kila mwisho wa mwezi tunamlipa mtu atembee kwa niaba yetu. Naamini nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zinaendeshwa hivi, na pale pasipo na dada, kuna bodaboda wa kuleta nyanya mlangoni.

Misuli mikubwa kuliko yote mwilini iko mapajani na makalioni, na ndiyo wateja wakuu wa sukari iliyo kwenye damu. Kwa kawaida sukari huhitaji insulini ili iingie ndani ya msuli. Msuli unaofanya kazi, hata kazi ndogo ya kutembea, hufungua njia nyingine isiyosubiri insulini. Ukikaa, njia hiyo hufungwa na mzigo wote huangukia kongosho. Kimeng'enya kinachochota mafuta kwenye damu ili misuli iyachome nacho huzembea. Tafu, yaani shavu la mguu, ambalo kwa kila hatua huikamua damu ya miguuni irudi juu, nalo hulala. Ndiyo maana jioni soksi huacha mfereji kwenye kifundo cha mtu aliyeshinda kitini. Sasa ongeza juu yake sahani ya wali wa nazi saa saba mchana, halafu kikao cha saa nane kinachokwenda hadi saa kumi.

Lakini kukaa hakukuletwa na kompyuta. Kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, watafiti wakiongozwa na David Raichlen waliwavalisha Wahadzabe vifaa vidogo vya kupima mwendo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Ukidhani wawindaji na wachimba mizizi hawatulii, utashangaa: walikuwa wakipumzika takriban saa 10 kwa siku wakiwa macho, muda unaokaribiana na wa watu wa ofisini Marekani. Hata hivyo maradhi ya moyo ni adimu kwao. Sehemu ya jibu ni kwamba wanapoamka kutoka kwenye mapumziko wanatembea kwelikweli, tena mbali. Sehemu nyingine ni namna wanavyopumzika. Wanachuchumaa, wanapiga magoti, wanakaa chini. Vipimo vya misuli vilionyesha kwamba mtu akichuchumaa misuli ya miguu haizimiki, inaendelea kufanya kazi kidogokidogo kumshikilia. Kiti chenye mgongo na magurudumu humshikilia mtu kuanzia kisogoni hadi nyongani, misuli ikabaki haina la kufanya.

Niliposoma hayo nilikwenda jikoni nikaomba mbuzi ya nazi. Miaka mingi sijaikalia. Kibao kiko chini kiasi kwamba magoti hupanda karibu na kifua, mgongo lazima ujibebe wenyewe, mikono miwili inazungusha kifuu na nyayo zinakaza sakafu ili mbuzi isiteleze. Dakika ya nne mapaja yalianza kutetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Nusu ya kwanza ya nazi niliimaliza. Ya pili aliimaliza dada, akicheka bila kujificha.

Dawa ya kukaa, kwa bahati, haina ukali. Watafiti wa Melbourne, Australia, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2012, waliwakalisha watu wanene saa tano baada ya kuwapa kinywaji kizito cha sukari na mafuta. Siku nyingine watu haohao walikunywa vilevile, ila kila baada ya dakika 20 waliinuka wakatembea dakika mbili, polepole tu. Sukari iliyopanda kwenye damu yao ilipungua kwa karibu robo. Dakika mbili ni kwenda kuchungulia kama nguo zimekauka.

Kwa hiyo tulianza na vitu vya kijinga. Bilauri kubwa ya maji iliyokuwa pembeni ya kompyuta yangu imepelekwa jikoni, ikaja ndogo, ili kiu ininyanyue. Simu za kazi nazipokea nimesimama, na ndefu nazipokea nikizunguka uani. Mteja mmoja ameniuliza kama nafuga kuku. Chaja tumeihamishia upande wa pili wa sebule. Baada ya chakula cha usiku, wakati ambao sukari hupanda na sote tulikuwa tukidondokea kwenye makochi, mmoja wa wakubwa hutoka na mtoto hadi kwa Mangi, hata kama kinachotafutwa ni chumvi tu.

Hapo mke wangu ana hoja yake, na ni ya haki. Makala za afya hupenda kumwambia mtu atembee, zikanyamaza kuhusu atembelee wapi. Mtaani kwetu njia ya waenda kwa miguu ni mali ya bodaboda na meza za chipsi. Saa kumi na moja alfajiri, muda pekee ambao mhasibu mwenye watoto anao, mwanamke akitoka peke yake huzomewa na walevi wanaorudi nyumbani na kukimbizwa na mbwa wasio na mwenyewe. Amejiunga na kikundi cha mbio za polepole cha kina mama cha Jumamosi, wanakwenda ishirini kwa pamoja na mbwa wanawaogopa. Mimi kwa upande wangu niliwahi kulipia gym moja miezi mitatu mfululizo, nikaenda mara nne. Kosa lilikuwa langu, ingawa foleni ya kufika huko ilikuwa ndefu kuliko mazoezi.

Wala usinyong'onyezwe na hatua 10,000. Namba hiyo haikutoka maabara. Mwaka 1965, baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi, na jina likasafiri dunia nzima. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, kwa wanawake wa wastani wa miaka 72, ulionyesha kwamba waliotembea hatua 4,400 walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika miaka iliyofuata kuliko waliotembea 2,700, na nafuu ikaacha kuongezeka kwenye 7,500 hivi. Mtu wa 1,126 kama mimi ana faida nyingi ya kuvuna mwanzoni kabisa mwa safari.

Ila nisimdanganye mtu: kuinukainuka peke yake hakutoshi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za harakati za wastani, zile ambazo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, pamoja na siku mbili za kazi ya kukaza misuli. Mwongozo huo uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipande kifike dakika 10, kwa hiyo ngazi za ghorofa nne zinahesabiwa, na ndoo mbili za maji vilevile. Anayekaa zaidi ya saa nane kwa siku anahitaji zaidi: uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016, uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni moja, ulikuta hatari ya kukaa hufutika kwa wanaopata dakika 60 hadi 75 kila siku. Mwenye presha ya muda mrefu au kifua kinachombana akipanda mlima amwone daktari kwanza.

Watoto wanatakiwa wapate wastani wa dakika 60 kwa siku, na kwao kuna sababu nyingine ya kutoka nje, nayo ni macho. Huko Guangzhou, China, baadhi ya shule ziliwapa watoto wa darasa la kwanza dakika 40 zaidi za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa kama 30 katika kila 100. Katika shule nyingine walikuwa karibu 40. Inadhaniwa mwanga mkali wa mchana huamsha kemikali ndani ya jicho inayolizuia kurefuka kupita kiasi. Binti yetu hatukumpokonya kishkwambi. Tulimnunulia mpira wa rede, tukamwambia mchezo unahitaji wachezaji wengine, na siku hizi kuanzia saa kumi na moja hadi adhana ya magharibi sauti yake inasikika mtaa wa pili.

Kwa kijana ilikuwa ngumu zaidi, tukaishia kwenye deki. Jumamosi ndiyo siku ya dada ya mapumziko, na tulikuwa na desturi mbaya ya kumsubirisha sakafu hadi Jumapili. Sasa mimi na kijana tunapiga deki sebule, korido na vyumba vitatu, kwa mikono na tambara, tumeinama kama inavyotakiwa. Dakika 35, jasho linachuruzika, na siku iliyofuata nyuma ya mapaja panauma sehemu ambazo sikujua kuwa ni zangu. Jumapili ya kwanza niliamka nikamkuta dada sebuleni na ndoo, anapiga deki upya. Nikamwambia mbona tumeshapiga jana.

"Nimeona, baba," akasema bila kuinua kichwa. "Ila chini ya makochi hamkufika."