Ukitafuta Kinyozi Mchinga, Uliza 'Ushirika'

Ndiyo, ushirika! Usishangae, msomaji wangu. Lile jumba la kaunta ya mbao na baraza ya saruji limebadilika mara nyingi kuliko mitindo ya nywele, ila jina la watu wazima limeganda.

Bibi alilikuta likiwa duka la Mhindi. Unashusha kopra au ufuta, unaondoka na kaniki, chumvi na mafuta ya taa, deni daftarini. Likaja Azimio la Arusha 1967, kisha Operesheni Maduka 1976. Maduka mengi ya watu binafsi vijijini yakafungwa, hili likawa la ushirika. Mwanzoni mwa miaka ya 80 ndipo Bibi hapasahau.

"Tulipanga mawe foleni ya sabuni, mjukuu wangu. Alfajiri unakuta jiwe lako limerushwa huko!"

Mzee Ruksa alipoingia 1985 mambo yakalegea, na baadaye rafu tupu zikapisha ukumbi wa video. Mjomba alimwona Rambo humo, jenereta ikinguruma nje. Siku hizi chumba kimoja kinyozi, cha pili pesa za simu.

Na barazani? Mama yangu na vitumbua vyake. Ndivyo vilivyoninunulia madaftari mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Sasa mwenye jumba anataka kuziba baraza apate fremu ya tatu, kodi miezi sita mbele. Mama kapewa mpaka mwisho wa mwezi.

Jana Bibi kaenda na jiwe, kaliweka pale pale anapokaa mama.

"Napanga foleni," akasema.